Jumba la Stalin katikati ya Warsaw: miaka 70 imepita, Wapolandi wamelifanya nini?

Mtoto wa Tengeru

Wakuu, salaam kwenu.

Huu uzi nimeuahirisha mno. Nina mwaka wa nane sasa hapa Warsaw, mji mkuu wa Poland, na kila nikirudi Arusha watu wananiuliza habari za baridi na mishahara. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza habari za Jumba. Na mimi naamini asiyelijua lile Jumba hawezi kuwaelewa hawa watu, hata akila nao sahani moja miaka ishirini.

Nianzie kwa jirani yangu. Tunakaa Wola, magharibi kidogo mwa katikati ya mji, ghorofa ya sita. Mlango unaotazamana na wangu ni wa bibi mmoja wa miaka 82. Namsaidia kupandisha viazi na maji ya chupa lifti ikigoma, naye hanirudishi mikono mitupu: bakuli la supu ya kabichi chachu, kipande cha keki ya mbegu za mpopi. Jikoni kwake dirisha ni moja, linatazama mashariki, na lina pazia zito la kahawia ambalo halifunguliwi. Mjue kwamba Desemba hapa jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Watu wanalisaka jua kama mtu anavyosaka maji Dodoma. Mwaka wa kwanza nilidhani macho yake yanaumizwa na mwanga. Siku moja nikamwambia, "Bibi, nikufungulie pazia jua liingie?" Akanishika mkono. "Liache. Sitaki kumwona yule."

Yule! Kama mtu aliyemdhulumu.

"Yule" ni Jumba la Utamaduni na Sayansi. Lina urefu wa mita 237 hadi ncha ya antena, ghorofa 42, vyumba 3,288. Chini limetanuka kama ngome, juu linapanda kwa madaraja mpaka kwenye mnara mwembamba, rangi yake mchanga uliokolea kijivu. Lina ndugu zake Moscow, na msanifu wake, Lev Rudnev, ndiye huyohuyo aliyechora jengo kuu la Chuo Kikuu cha Moscow. Mkataba wa kulijenga ulisainiwa tarehe 5 Aprili 1952, kazi ikaanza mwezi uliofuata, na tarehe 22 Julai 1955 likafunguliwa. Hiyo tarehe haikuokotwa tu, ndiyo ilikuwa sikukuu ya taifa chini ya utawala wa kikomunisti. Lilitangazwa kuwa zawadi ya watu wa Umoja wa Kisovieti kwa watu wa Poland. Stalin alipokufa Machi 1953, msingi ukiwa umeshawekwa, likapewa jina lake.

Sasa jiulizeni, zawadi hiyo ilimfikia nani na katika hali gani.

Agosti 1944 wakazi wa Warsaw waliinuka na silaha dhidi ya Wajerumani. Walipigana siku 63. Katikati ya Septemba jeshi la Kisovieti lilikuwa limeshafika ng'ambo ya mto Vistula, upande wa Praga, na msaada uliovuka mto ulikuwa haba kiasi kwamba hadi leo Wapolandi hawajausahau. Waasi wakasalimu amri, wakazi waliobaki wakaswagwa nje ya mji, na Wajerumani wakaanza kuubomoa nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, kwa moto na baruti. Ndipo Januari 1945 Wasovieti wakavuka na kuingia kwenye vifusi. Wengine wanawaita wakombozi. Jirani yangu halitumii hilo neno.

Miaka saba baadaye, watu bado wanabanana familia mbili katika chumba kimoja, ndiyo ikaja zawadi ya mnara. Na ili mnara upate pa kusimama, mitaa ya katikati ya mji ikafutwa. Siyo vifusi peke yake vilivyoondolewa. Zilikuwepo nyumba za ghorofa zilizonusurika vita nzima, zenye watu ndani, nazo zikaangushwa. Hata leo ukitembea mtaa wa Złota unakatika ghafla mbele ya Jumba, unauokota tena upande wa pili.  Jirani yangu alikuwa na miaka tisa. Anachokumbuka ni kabati la mama yake likiwa barabarani, kwenye mkokoteni, na kioo cha mlango wa kabati kinaakisi mawingu. Alipenda kutazama mawingu ndani ya kile kioo, anasema, mpaka alipomwona mama yake analia.

Nitaendelea baada ya chakula. Karibuni kwa maswali.

Mtoto wa Tengeru

Naendelea.

Mimi lile Jumba nililijua kwanza kwa ndani. Chuo nilichosomea kina madarasa yake humo, ghorofa ya 11 na ya 12. Siku ya kwanza nilipita mlango wa mbao nzito ambao unausukuma kwa bega, nikakuta marumaru, taa za kuning'inia kubwa kama shina la mbuyu, na sakafu ya vipande vya mbao inayonuka nta. Kwenye lifti tulikuwa Mzimbabwe mmoja, Waukraine wawili, mama wa ofisi za manispaa na faili zake, na mtoto wa miaka kama minane aliyebeba miwani ya kuogelea. Nikajiuliza, huyu mtoto anaogelea wapi humu?

Kumbe humo ndani kuna Kasri la Vijana, lenye bwawa la kuogelea na jukwaa la kuchupia la mita 10. Kuna majumba ya maonyesho ya tamthilia, likiwemo la vikaragosi kwa ajili ya watoto. Kuna sinema. Kuna Chuo cha Sayansi cha taifa na ofisi zake. Baraza la jiji linakutania humohumo. Ghorofa ya 30 kuna baraza la wazi, mita 114 kutoka chini, wageni wanapanda kuangalia mji. Katika kuta za juu kabisa kunguru wanamwogopa kozi, maana kozi wameweka viota huko tangu miaka ya 90 na wanazaa kila mwaka. Nimewahi kumwona mmoja akishuka nyuma ya njiwa mbele ya dirisha la darasa. Mwalimu akanyamaza, darasa zima tukanyamaza, mpaka akapotea.

Kwenye kuta za nje kuna sanamu za mawe za wafanyakazi, wanasayansi, vijana. Mmoja kati ya vijana hao ameshika kitabu kilichochongwa majina: Marx, Engels, Lenin. Chini ya Lenin kuna nafasi tupu. Hapo palikuwa na jina la nne. Mwaka 1956, baada ya maovu ya Stalin kuanza kusemwa hadharani, jina lake liliondolewa kwenye Jumba, na kwenye kitabu likafutwa. Nilisimama pale siku ya mvua. Maji yalitiririka juu ya yale majina matatu yakiingia kwenye michongo ya herufi, yakifika pale chini yanateleza tu.

Hilo ndilo badiliko la kwanza la maana, na lilitokea mwaka mmoja tu baada ya ufunguzi. Oktoba 24 ya 1956 hiyohiyo, Władysław Gomułka, kiongozi mpya wa chama cha kikomunisti, alisimama mbele ya Jumba akahutubia umati wa mamia ya maelfu waliokuja kutaka serikali yenye uso wa Kipolandi. Ule uwanja mkubwa ulitengenezwa kwa ajili ya gwaride la kumtukuza Stalin, na sanamu yake ilikuwa isimamishwe hapo. Haikusimamishwa kamwe. Mkutano mkubwa wa mwanzo unaokumbukwa pale ukawa wa watu waliotaka kivuli chake kiondoke.

Mengine nitayapitia haraka. Aprili 1967 Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga muziki kwenye Ukumbi wa Kongresi, ubavuni mwa Jumba. Vijana waliokosa tiketi walipambana na polisi nje. Juni 1987 Papa Yohane Paulo II, Mpolandi, alisoma misa kwenye uwanja uleule wa gwaride la wakomunisti. Januari 1990, katika ukumbi uleule wa Rolling Stones, chama tawala kilifanya kongamano la mwisho, kikajivunja, bendera yake ikatolewa nje. Chama kilizikwa nyumbani kwake.

Fundi Mwashi

Mkuu heshima kwako, umeandika kitu. Mimi ni mtu wa saruji na nondo, nipe kidogo upande wa ujenzi. Mita 237, miaka mitatu, miaka ya 50? Walitumia watu wangapi?

Mtoto wa Tengeru

Mkuu Fundi, karibu sana.

Wasovieti walileta wafanyakazi wao, kama 3,500, na Wapolandi nao wakaongezwa. Mifupa ya jengo ni chuma, halafu kuta za tofali, kama milioni 40, juu yake vigae vya mawe. Kwa kuwalaza wafanyakazi walijenga kitongoji kizima cha nyumba za mbao huko Jelonki, kikaitwa Urafiki. Baadaye kikawa makazi ya wanafunzi, nami nimewahi kulala huko kwa rafiki wiki mbili: kuta nyembamba, miti mirefu, kimya ambacho hukipati mjini.

Wafanyakazi 16 wa Kisovieti walikufa kazini. Wamezikwa kwenye makaburi ya Waorthodoksi hapa Wola, umbali wa kutembea kutoka kwangu. Watu wanalaani jengo wakisahau kwamba hata waliolijenga walikuwa watu wa kutumwa.

Kuhusu urefu, kuna kisa kinachosimuliwa na wasanifu wa hapa. Mpango wa mwanzo ulikuwa kama mita 120. Wakasimama ng'ambo ya mto, upande wa Praga, ndege ndogo ikawa inapita katikati ya mji ikivuta puto. Ikipita mita 100, wanatazama. Inapanda tena. Rudnev na Warusi wakaridhika na 120, lakini Wapolandi ndio wakawa wanapiga kelele, "Juu! Juu zaidi!" Rudnev pia alizungushwa miji ya kale kama Kraków, Zamość na Toruń aone nyumba za mababu zao. Yale mapambo ya ukingo wa paa, yanayofanana na taji, yametoka huko. Kwa hiyo hata siku ile ya kwanza halikuwa la Kirusi tupu. Wapolandi wengi hawapendi kulisikia hilo, ila lipo.

Mama Zawadi

Kaka, mimi nimekwama kwenye lile kabati. Nimehamishwa na mradi wa barabara, najua vyombo vikiwa nje vinafanana vipi. Waliovunjiwa walilipwa fidia?

Mtoto wa Tengeru

Dada, pole sana.

Walipewa vyumba kwingine, mara nyingi mbali na pale walipopajua. Ardhi yenyewe ilikuwa imeshachukuliwa. Oktoba 1945 ilitoka amri iliyoifanya ardhi yote ya Warsaw kuwa mali ya umma, ili mji ujengwe upya. Mwenye kiwanja akaamka hana kiwanja. Ukomunisti ulipoanguka 1989, wenye mali na wajukuu zao wakarudi na hati, wengine za kweli na wengine za ujanja, na vile viwanja vya kuzunguka Jumba vikawa na thamani ya kutisha. Kesi zikaenda miaka na miaka. Ndiyo sababu moja ya eneo lile kubaki wazi muda mrefu, maegesho ya magari na upepo, katikati kabisa ya mji mkuu wa nchi ya Ulaya.

Na kuna wengine ambao hata swali la fidia haliwafikii. Sehemu ya eneo lile ilikuwa ndani ya geto, ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi. Karibu na lilipo jumba la vikaragosi ndipo ilipokuwa nyumba ya mwisho ya yatima waliolelewa na daktari Janusz Korczak. Agosti 1942 walichukuliwa kwenda Treblinka, kambi ya mauaji ya Wajerumani, watoto kama 200, naye akakataa kubaki nyuma, akaenda nao. Bustanini kuna sanamu yake na watoto. Watoto wa leo wanatoka kwenye onyesho la vikaragosi wakiwa na puto, wanapita palepale.

Mimi nikipita hapo natembea polepole. Sijui kufanya lingine.

Kigogo wa Mburahati

Mkuu nakuheshimu ila hapa nitasema wazi. Kitu umeletewa na mkoloni, umebomolewa nyumba yako kwa ajili yake, kina jina la muuaji. Unasubiri nini miaka 70? Piga baruti. Wapolandi ni waoga.

Mtoto wa Tengeru

Mkuu Kigogo, swali lako ni la haki na hapa wapo wanaolisema hadi leo, tena wakubwa. Radosław Sikorski, waziri wa mambo ya nje, amewahi kusema hadharani libomolewe pawe bustani. Mwaka 2017 Mateusz Morawiecki, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwishoni mwa mwaka huo, naye alisema ni ndoto yake kuliona limeondoka.

Woga lakini hapana. Hawa watu wameshafanya hayo unayoyasema. Warusi walipotawala Warsaw enzi za mfalme wao, walijenga kanisa kuu la Kiorthodoksi kwenye uwanja maarufu wa mji, likakamilika 1912, na mnara wa kengele wa mita 70, mrefu kuliko majengo yote ya mji wakati ule. Lilijengwa lionekane kutoka kila upande, ili Mkatoliki wa Warsaw asisahau nani bwana. Poland ikapata uhuru 1918. Katikati ya miaka ya 20 wakalivunja. Wapo waliosema libaki, liwe makumbusho. Hawakusikilizwa. Lilikuwa na nguvu kiasi kwamba walilivunja kwa milipuko mingi midogomidogo, na michoro yake mizuri ya vigae baadhi iliokolewa ikapelekwa makanisa mengine.

Kwa hiyo waliposimama mbele ya Jumba baada ya 1989 walikuwa na mfano mkononi. Wakaamua tofauti. Mwaka 1992 ulishinda mpango wa kulizungushia Jumba duara la maghorofa marefu, lizame humo lisionekane. Mpango haukutekelezwa kama ulivyochorwa, ila maghorofa yalikuja yenyewe na fedha, na moja, Varso, lina mita 310, limeshalipita Jumba kwa mbali. Februari 2007 Jumba likaandikishwa kwenye orodha ya majengo ya urithi wa taifa. Watu waligombana sana. Na uamuzi huo ndio unaolilinda leo, maana sheria ya miaka ya 2016 na 2017 iliyofuta majina ya mitaa na kuondoa minara ya kuwasifu wakomunisti iliyaacha yaliyomo kwenye orodha hiyo.

Maoni yangu binafsi, mkuu: kanisa lile liliwahudumia maofisa wa Kirusi, Mpolandi hakuwa na shughuli humo. Jumba liliwafungulia mlango. Mtoto wa fundi bomba wa Warsaw alijifunza kuogelea humo, alipigwa busu la kwanza sinema humo, alichukulia hati ya kiwanja humo. Mjukuu wa jirani yangu, dada wa miaka thelathini na kitu, kajifunza kuogelea kwenye bwawa lile. Ana medali. Anakuja Jumapili kumletea bibi yake dawa, na wanagombana kuhusu Jumba mbele yangu kwa sauti ambayo sisi tungeona ni utovu wa adabu. Bibi anasema, "Wewe umeogelea juu ya nyumba yangu." Mjukuu anasema, "Bibi, na mimi ningeogelea wapi?"

Wote wawili wana haki, Kigogo. Ukilipiga baruti umemjibu mmoja tu.

Mwana Bukavu

Salamu kaka. Mimi nilikuwa Warsaw miaka ya tisini na kitu, nauza viatu pale Stadion. Unapajua? Tulikuwa Wavietnamu, Wanigeria, Wakongo kidogo, Warusi na mifuko yao. Toka juu ya ngazi ya stadion niliona hilo Jumba kila asubuhi ng'ambo ya mto, ndilo lilinionyesha njia nikipotea. Sikujua hata siku moja lina hadithi hii.

Mtoto wa Tengeru

Kaka Mwana Bukavu, umenigusa. Stadion hiyo ni pacha wa Jumba! Ilifunguliwa siku ileile, 22 Julai 1955, imejengwa juu ya vifusi vya mji uliovunjwa na vita. Siku chache baadaye walikuja vijana wa tamasha la dunia kutoka nchi zaidi ya 100, Waafrika na Waarabu miongoni mwao, wakacheza ngoma uwanjani mbele ya Jumba. Wazee wa hapa wanasema ndiyo mara ya kwanza waliona mtu mweusi kwa macho. Baadaye stadion ikachakaa, ikawa soko lenu, na 2008 mkaondolewa. Leo ndipo uliposimama uwanja wa taifa wa mpira.

Na hata miguuni mwa Jumba kulikuwa na soko hilohilo. Tangu mwanzo wa miaka ya 90 uwanja wa gwaride ulijaa vibanda na mahema: jinzi, kanda, sufuria, nguo za ndani zinaning'inia palepale viongozi wa chama walipokuwa wakipungia mkono. Wafanyabiashara wakajengewa banda kubwa la bati. Julai 2009 dalali wa mahakama alikuja na walinzi kuwatoa, wakapigana siku nzima kwa gesi na mawe. Pale lilipokuwa banda ndipo lilipo sasa jengo jeupe la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, lililofunguliwa Oktoba 2024. Ukiwa dirishani mwake Jumba lote liko mbele yako. Niliwakuta pale wazee wawili wamekaa kwenye benchi la ndani, migongo kwenye picha za maonyesho, wanatazama nje.

Njeri wa Thika

Mtoto wa Tengeru, asante kwa uzi huu, nimesoma nikachelewa kazini. Swali: baada ya vita vya Ukraine imekuwaje? Hasira dhidi ya Urusi haikurudi kwa hilo jengo?

Mtoto wa Tengeru

Dada Njeri, nilitarajia hivyo mimi pia.

Februari 2022 nilikuwa nimetoka kazini jioni, nikaona Jumba limewashwa bluu na njano. Mnara wa Stalin umevaa bendera ya Ukraine! Tramu zilisimama kituoni zimejaa watu na hakuna aliyeangalia simu. Kituo kikuu cha treni kiko jirani kabisa na Jumba, na wiki zile kilijaa akina mama na watoto wenye paka kwenye mikoba. Nilibeba mabegi siku nne pamoja na wanafunzi wenzangu wa zamani. Mama mmoja kutoka Kharkiv alitoka nje ya kituo, akalitazama lile umbo la Kisovieti lenye rangi za kwao, akaniuliza, "Hili ni nini?" Nikamwambia kwa Kipolandi changu kibovu: ni la hapa, ni la mji.

Maneno yalinitoka bila kufikiri. Usiku nikayafikiria, nikaona kwamba mtu wa Warsaw wa 1955 asingeweza kuyasema, wala mkomunisti wala mpinzani wake.

Siwezi kusema watu wamelisamehe. Wamelitumia. Saa kubwa nne za juu, kila moja upana wa mita 6 na ushee, ziliwekwa usiku wa kuamkia 2001 nao wenyewe, na wanasetia saa zao kwa hizo. Vijana wanalichora kwenye fulana. Na bado wapo wanaofunga pazia.

Mama Zawadi

Kaka, jina lako Mtoto wa Tengeru, na Tengeru tunajua kuna makaburi ya Wapolandi. Bibi anajua unatoka wapi?

Mtoto wa Tengeru

Dada, ulichouliza ndicho nilichokuwa nakizunguka uzi mzima.

Kwa wasiojua: 1940 na 1941 Wasovieti waliwachukua Wapolandi wa mashariki mwa nchi, familia kwa familia, kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walioachiwa wakaondoka 1942 kupitia Iran, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki: Masindi na Koja Uganda, na Tengeru chini ya Mlima Meru, karibu 5,000, wengi wanawake na watoto. Waliishi kwenye vibanda vya duara, wakajenga kanisa na shule. Vita ilipoisha wengi hawakurudi kwao, kwa sababu kwao palishakuwa chini ya walewale. Waliokufa wamebaki, makaburi karibu 150. Mimi nimekua naokota mapera nje ya ule ukuta.

Nilimwambia bibi mwaka wa pili. Nilikuwa namenya naye viazi, akaniuliza kijiji. Niliposema Tengeru aliweka kisu mezani. Binamu wa mama yake alipitia huko. Nyumbani kwao zilikuja barua kutoka Uingereza baada ya vita, zikitaja mlima, ndizi, na makaburi. Aliniuliza kama kuna mtu anayafagia. Nikamwambia yupo, mama yangu alikuwa anamjua kwa jina.

Mdogo wangu akaenda na simu, akapiga picha: misalaba meupe imepangwa mistari, majani mabichi, ukuta, wingu juu ya Meru. Nikaichapisha dukani, nikampelekea. Hakusema neno. Aliifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaenda akaiegemeza dirishani jikoni, kwenye pazia la kahawia.

Leo asubuhi nilimpelekea mkate. Mjukuu wake alikuwepo, nywele mbichi, begi la kuogelea sakafuni. Picha ipo palepale, na pazia bado limefungwa.